Hugo van Lawick

Hugo van Lawick (Surabaya, 10 Aprili 1937 – Dar es Salaam, 2 Juni 2002) alikuwa mpiga picha na mtengenezaji filamu za wanyamapori kutoka Uholanzi. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi na kufanya kazi nchini Tanzania. Anajulikana hasa kwa picha na filamu za sokwe wa Gombe, mkoani Kigoma, alizoanza kupiga mwaka 1962, na kwa filamu zake za wanyama wa Serengeti. Alikuwa mume wa kwanza wa mtafiti Jane Goodall. Kwa kuwa familia yake ilikuwa ya kikabaila, mara nyingi hutajwa kwa cheo cha ukoo cha baron.

Kazi yake ya Gombe hutumiwa mara kwa mara kama mfano wa tatizo linalomkabili kila anayejifunza upigaji picha: namna ya kupima mwanga pale kinachopigwa picha ni cheusi, mahali penyewe ni pa giza, na nyuma yake kuna mwanga mkali.

Maisha ya awali

Van Lawick alizaliwa Surabaya, katika kisiwa cha Java, wakati nchi ambayo leo inaitwa Indonesia ilikuwa koloni la Uholanzi. Baba yake alikuwa rubani katika jeshi la majini la Uholanzi na alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1941. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipofika katika visiwa vile, mama yake alimchukua yeye na ndugu yake wakakimbilia Australia. Baada ya vita waliishi Uingereza, kisha wakahamia Uholanzi, ambako alimaliza masomo na kutumikia jeshi kwa mujibu wa sheria.

Tangu ujana alipenda wanyama lakini hakutaka kuwawinda. Kamera ilimpa njia ya kuwafuata bila kuwaua. Karibu na mwaka 1960 alikwenda Kenya kufanya kazi na Armand na Michaela Denis, mume na mke waliokuwa mashuhuri kwa vipindi vya televisheni kuhusu wanyama wa Afrika. Hapo alijifunza ufundi wa kamera ya sinema porini. Akiwa Nairobi alifahamiana na Louis Leakey, mtaalamu wa mabaki ya binadamu wa kale aliyechimba Olduvai, na akampigia filamu baadhi ya kazi zake.

Kufika Gombe

Gombe iko kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, takriban kilomita 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma. Ni ukanda mwembamba wa milima na mabonde unaoshuka kwa kasi kutoka ukingo wa nyanda za juu hadi ziwani. Nyuma ya ukingo huo, upande wa mashariki, nchi ya Waha inaendelea kuelekea Kasulu, Titye na Kibondo. Tangu mwaka 1943 eneo hilo lilikuwa pori la akiba. Mwaka 1968 likawa Hifadhi ya Taifa.

Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, akiwa ametumwa na Leakey. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa ameona sokwe akichomeka bua la nyasi katika kichuguu na kulitoa likiwa na mchwa, kisha akawala. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba binadamu peke yake ndiye anayetengeneza na kutumia zana. Habari hiyo ilikuwa nzito, lakini ilitoka kwa msichana asiye na shahada ya chuo kikuu, na aliyeiona alikuwa yeye peke yake. Picha zilihitajika.

Jaribio la kwanza halikufanikiwa sana. Mwaka 1961 Judy, mdogo wake Jane, alikwenda Gombe kupiga picha, lakini mvua na woga wa sokwe vilimzuia kupata picha nyingi. Leakey akampendekeza van Lawick kwa National Geographic Society ya Marekani, iliyokuwa ikigharamia utafiti huo. Van Lawick alifika Gombe mwaka 1962 akiwa na umri wa miaka 25.

Mwanga wa Gombe

Ugumu wa kwanza ulikuwa sokwe wenyewe, ambao walikuwa ndio kwanza wanaanza kumzoea mtu mmoja na sasa wakamwona wa pili akiwa na vyombo vinavyong'aa na kutoa mlio. Van Lawick alitumia maficho ya majani na kusubiri kwa saa nyingi. Ugumu wa pili ulikuwa mwanga.

Miteremko ya Gombe inatazama magharibi. Asubuhi jua huchomoza nyuma ya ukingo wa milima, hivyo mabonde hubaki kivulini kwa muda mrefu hata kama ziwa limeshaanza kung'aa. Mchana jua hupenya msituni kwa vipande vipande: jani moja linawaka kama kioo, na hatua moja pembeni ni giza. Jioni mwanga unaingia moja kwa moja kutoka ziwani, ni mzuri lakini haudumu. Ndani ya mazingira hayo yumo mnyama mwenye manyoya meusi, mwenye macho ya kahawia yaliyozama chini ya mfupa wa paji la uso.

Filamu za rangi za wakati ule hazikuwa nyepesi kuitikia mwanga. Kodachrome II, iliyotoka mwaka 1961, ilikuwa na kipimo cha ASA 25 tu. Filamu kama hiyo, katika jua kali na tundu la lenzi la f/4, ilihitaji karibu sehemu moja ya 400 ya sekunde. Katika kivuli cha msitu mwanga unaweza kupungua mara 64, na muda ukarefuka hadi karibu sehemu moja ya sita ya sekunde. Kwa muda huo sokwe akigeuza kichwa tu, picha inaharibika. Kamera ya sinema ilikuwa na kikomo kikali zaidi, kwa sababu inapiga picha 24 kila sekunde na kila picha hupata karibu sehemu moja ya 50 ya sekunde, haiwezi kupata zaidi. Zilikuwako filamu nyepesi zaidi, lakini picha zake zilikuwa na chembechembe na rangi zake hazikuwa safi kama za Kodachrome.

Zaidi ya hayo, filamu ya slaidi haisamehe kosa. Ikipata mwanga kupita kiasi, sehemu angavu hupotea kabisa. Ikipata mwanga pungufu, manyoya meusi hugeuka doa jeusi lisilo na umbo. Filamu ilisafirishwa nje ya Afrika kusafishwa, na majibu yalichukua wiki nyingi kurudi. Mpiga picha wa Gombe hakuweza kutazama kosa lake na kulirekebisha siku ileile.

Namna mwanga ulivyopimwa

Kipima mwanga, kiwe cha mkononi au cha ndani ya kamera, hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kuchukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya kijivu cha wastani, inayorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Kikielekezwa kwenye kitu cheusi, kinadhani mahali pana giza na kuagiza mwanga uongezwe, hivyo sokwe mweusi hutoka kijivu na majani nyuma yake huungua. Kikielekezwa kwenye anga au maji yanayong'aa, kinaagiza mwanga upunguzwe, na sokwe hugeuka kivuli. Makosa yote mawili yanatokea ingawa chombo ni kizima.

Wapiga picha wa kizazi cha van Lawick walikuwa na dawa kadhaa. Ya kwanza ilikuwa kupima kitu kingine kilicho katika mwanga uleule na chenye weupe wa wastani, kama nyasi mbichi au gome la mti. Ya pili ilikuwa kupima kiganja cha mkono, ambacho kwa watu wengi ni cheupe kuliko kijivu cha wastani kwa hatua moja, kisha kuongeza hatua hiyo. Hatua moja maana yake ni kuongeza mwanga maradufu au kuupunguza nusu. Ya tatu ilikuwa kupima manyoya yenyewe kwa karibu na kupunguza hatua moja hadi mbili kutoka kile ambacho kipimo kimesema, ili cheusi kibaki cheusi. Ya nne ilikuwa kutumia kipima mwanga chenye kuba jeupe, ambacho hakipimi mwanga unaorudi kutoka kwa mnyama bali ule unaomwangukia. Njia hii ni sahihi mno, ila mpimaji lazima asimame katika mwanga sawa na ule wa mnyama, jambo gumu pale sokwe yuko kivulini ng'ambo ya bonde.

Kamera za renjifainda, yaani zile zinazopima umbali kwa dirisha dogo lililo pembeni ya lenzi, zilipendwa sana na waandishi wa habari wa wakati huo kwa wepesi na ukimya wake. Leica M3 ya mwaka 1954 ni mfano maarufu. Haikuwa na kipima mwanga ndani; kipimo kilibandikwa juu yake au kushikwa mkononi. Kwa wanyama wa mbali kamera hizo hazikufaa sana, kwa kuwa lenzi zake ndefu za kawaida ziliishia milimita 135. Wapiga picha wa wanyamapori walihamia kwenye kamera zenye kioo cha ndani, zinazomwezesha mtu kuona kupitia lenzi yenyewe hata ikiwa ndefu.

Kamera za kidijitali za leo, zikiwemo za renjifainda, zina njia za kupima zinazochaguliwa kwa kitufe. Kipimo cha doa husoma sehemu ndogo tu, kwa mfano uso wa sokwe. Kipimo cha katikati husoma picha yote lakini huipa katikati uzito zaidi. Kipimo cha kanda nyingi hugawa picha vipande vipande, hulinganisha vipande hivyo na kukisia. Leica M8 ya mwaka 2006 ilikuwa na kipimo cha katikati tu, kilichosoma mwanga unaorudi kutoka kwenye mapazia ya shata; Leica M ya mwaka 2012 iliongeza kipimo cha doa na cha kanda nyingi. Hata hivyo, njia zote tatu bado zinatafuta kijivu kilekile. Mwanafunzi anayepiga picha mbuzi mweusi kwenye kivuli cha mwembe atapata kosa lilelile, na atalirekebisha kwa namna ileile.

Picha kama ushahidi

Agosti 1963 jarida la National Geographic lilichapisha makala ya kwanza ya Jane Goodall kuhusu Gombe, ikiwa na picha za van Lawick. Desemba 1965 lilichapisha nyingine, na mwezi huohuo televisheni ya Marekani ilionyesha filamu ya Miss Goodall and the Wild Chimpanzees. Mamilioni ya watu waliona sokwe akitengeneza zana, akimbeba mtoto na akisalimiana na mwenzake. Jambo lililokuwa neno la mtu mmoja likawa jambo ambalo kila mtu angeweza kulitazama.

Faida nyingine ilikuwa ya kitaalamu. Uso wa sokwe ulioonekana vizuri katika picha uliwezesha kumtambua kila mmoja na kufuatilia ukoo wake. Flint, mtoto wa sokwe jike aliyeitwa Flo, alizaliwa mwaka 1964, na makuzi yake yalirekodiwa tangu akiwa mchanga. Kazi hiyo isingewezekana kama sura zingekuwa madoa meusi.

Hugo na Jane walifunga ndoa mjini London mwezi Machi 1964 na kupata mtoto mmoja wa kiume. Mwaka 1966 walichapisha kwa pamoja katika jarida la Nature taarifa kuhusu tumbusi wa aina ya Misri waliowaona Serengeti wakivunja mayai ya mbuni kwa kuyatupia mawe. Mwaka 1971 kilitoka kitabu cha Jane, In the Shadow of Man, chenye picha za Hugo.

Ndizi na lawama zake

Picha nyingi za karibu zilipatikana kambini. Sokwe dume aliyeitwa David Greybeard alianza kuja kambini kula chikichi za mchikichi uliokuwapo hapo, akakuta ndizi na kuzichukua. Baadaye ndizi ziliwekwa kwa makusudi, na sokwe wengi wakaja mahali ambapo mwanga ulikuwa bora na kamera ilikuwa tayari.

Njia hiyo ilikuwa na gharama. Sokwe walikusanyika wengi kuliko kawaida, wakagombana wao kwa wao na pia na nyani. Goodall mwenyewe alikubali baadaye kwamba ndizi zilibadilisha tabia zao na kuongeza ugomvi, na ulishaji ulipunguzwa sana mwishoni mwa miaka ya 1960. Wataalamu wengine wameendelea kujadili ni kiasi gani cha yaliyoonekana Gombe katika miaka hiyo kilitokana na ndizi. Kwa hiyo picha zilezile zilizothibitisha utafiti ni sehemu ya mjadala kuhusu utafiti huo.

Lawama nyingine inahusu kilichoachwa nje ya picha. Watazamaji wa Ulaya na Marekani walipata sura ya mwanamke mmoja wa Kizungu akiwa peke yake msituni. Ukweli ni kwamba kazi ya Gombe tangu mwanzo ilibebwa pia na Waafrika: Rashidi Kikwale aliyemwongoza Goodall milimani, Hassan Salimu aliyehudumia boti na safari za Kigoma, na baadaye watafiti wasaidizi kama Hilali Matama. Baada ya wanafunzi wanne kutekwa na watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa mwezi Mei 1975, Watanzania hao ndio walioendeleza kumbukumbu za kila siku.

Serengeti

Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1960 van Lawick alifanya kazi zaidi Ngorongoro na Serengeti. Kitabu cha Innocent Killers, alichokiandika na Jane mwaka 1970, kilihusu fisi, bweha na mbwa mwitu, wanyama waliokuwa wakidharauliwa na watu wengi. Kitabu na filamu kuhusu kitoto cha mbwa mwitu alichokiita Solo zilimweka katika mtihani wa kila mwangalizi wa wanyama. Kitoto hicho kilikuwa kikiachwa nyuma na kundi lake, na van Lawick alikuwa amejiwekea kutoingilia mambo ya porini. Mwishowe aliingilia, akakiokota na kukipeleka kwa kundi jingine.

Ndoa yake na Jane ilivunjika mwaka 1974. Kazi yake ilimtaka Serengeti na ya Jane ilimtaka Gombe, na umbali huo ulikuwa miongoni mwa sababu. Waliendelea kuwa marafiki na kufanya kazi pamoja. Filamu ya People of the Forest, kuhusu ukoo wa Flo, ilitokana na picha zilizokusanywa Gombe kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kambi yake ya mahema ilikuwa Ndutu, kusini mwa Serengeti, ambako nyumbu huja kuzaa wakati wa mvua. Aliishi hapo zaidi ya miaka thelathini. Mwanga wa Ndutu ni kinyume cha ule wa Gombe: uwanda mpana, nyasi angavu, vumbi na jua lisilozuiwa na kitu. Van Lawick alipenda kufanya kazi jua likiwa chini, asubuhi na jioni, mara nyingi likiwa nyuma ya wanyama, na picha zake nyingi zinaonyesha nyumbu wakiwa vivuli vyeusi ndani ya vumbi la dhahabu. Doa jeusi lililokuwa kosa Gombe, huku lilikuwa chaguo lake.

Miongoni mwa vitabu vyake vya kipindi hicho ni Savage Paradise (1977) na Among Predators and Prey (1986). Filamu zake za mwisho zilikuwa The Leopard Son (1996), inayofuatilia makuzi ya chui, na Serengeti Symphony (1998), ambayo inasimuliwa kwa picha na muziki bila msimulizi. Vijana kadhaa waliojifunza kazi katika kambi yake wakawa wapiga picha wa wanyamapori. Alipata tuzo ya Emmy mara nane, na nishani ya Golden Ark ya Uholanzi kwa mchango wake katika uhifadhi.

Miaka ya mwisho

Van Lawick aliugua emfisema, ugonjwa wa mapafu unaomfanya mgonjwa akose pumzi. Mwaka 1998 ulimlazimisha kuacha kazi na kuondoka Ndutu. Alihamia Dar es Salaam, akaishi katika nyumba ya Jane Goodall hadi alipofariki tarehe 2 Juni 2002, akiwa na umri wa miaka 65. Alizikwa Ndutu, mahali palipokuwa na kambi yake.

Urithi

Mwaka 2014 zaidi ya saa 100 za filamu zake za Gombe, zilizodhaniwa kuwa zimepotea, zilipatikana katika hifadhi ya kumbukumbu ya National Geographic. Mwongozaji Brett Morgen alizitumia kutengeneza filamu ya Jane, iliyotoka mwaka 2017. Zilikuwa filamu za milimita 16 zisizo na sauti, lakini mwanga wake ulikuwa umepimwa vizuri kiasi kwamba baada ya miaka zaidi ya hamsini nyuso za Flo na David Greybeard bado zilionekana wazi.

Kwa wanaofuatilia historia ya mkoa wa Kigoma, filamu hizo ni kumbukumbu ya misitu ya ufuoni kabla miteremko mingi ya jirani haijafyekwa kwa mashamba, kuni na makazi. Kwa wapiga picha, ni ushahidi kwamba chombo hupima mwanga, lakini uamuzi kwamba cheusi kiwe cheusi, kijivu au kivuli hubaki kwa mtu anayekishika.